Turudi Lac Vert, mara hii bila bidoni



Kwenye mkutano wa juma lililopita tuliulizwa swali ambalo hatukulijibu vizuri. Mama mmoja alisimama akasema: "Ninyi walimu, mnapeleka watoto wetu Lac Vert kufanya nini? Kuhama hakujawashibisha?" Watu walicheka kidogo, kisha wakanyamaza. Sisi tukajibu haraka haraka kwamba ni somo la jiografia. Jibu lile halikutosha, na tulipofika nyumbani tulijua halikutosha. Ndiyo maana juma hili tumeomba nafasi katika gazeti letu dogo, ili tueleze jinsi safari hiyo ilivyoanza, jinsi tulivyotangulia kwenda kuangalia njia, na mambo tunayowaomba mkubali au mkatae. Someni, na muwasomee wale wasiojua kusoma, halafu tuamue pamoja.

Jinsi ilivyoanza

Mnajua kwamba chuo chetu kinafundisha walimu wa kesho. Mwaka huu promosheni ya pili ina wanafunzi 31, na 22 kati yao ni mabinti. Wengine ni wa hapa hapa Masisi, wengine wanatoka Nyabiondo, na wengine wanatoka mbali Walikale, safari ya siku mbili kwa pikipiki na miguu wakati wa mvua.

Siku moja tulikuwa tunafundisha maziwa ya Afrika ya Mashariki. Tukafika kwenye Ziwa Turkana, kaskazini mwa Kenya. Ni ziwa refu, linakaribia kilometa 290 kutoka ncha hii hadi ncha ile, nalo liko katika nchi kavu ya upepo na mawe. Mvua huko ni haba sana. Maji yake mengi yanatoka mbali, Ethiopia, yakiletwa na mto Omo. Yakiisha kuingia hayana mlango wa kutokea. Jua ndilo linayapunguza, na kwa sababu hiyo yana chumvi chumvi. Mwaka 1888 Wazungu wawili, Teleki na von Höhnel, walifika kule wakaliita Ziwa Rudolf kwa heshima ya mwana wa mfalme wa Austria. Jina la Turkana, la watu wenyewe wanaokaa kando yake, lilianza kutumika rasmi mwaka 1975.

Binti mmoja wa Walikale akainua mkono. Kwao ni msituni, kando ya mto Lowa, na maji yamejaa kila mahali. Akauliza: "Mwalimu, na sisi hatuna ziwa la jangwani?" Kabla hatujajibu, kijana mmoja wa upande wa Sake akasema: "Tunalo. Ni Lac Vert. Mvua inanyesha kila siku, na maji hakuna."

Darasa zima likacheka, lakini kicheko hicho tulikijua. Tuliuliza ni nani aliyekaa katika kambi za Lac Vert, Bulengo au Mugunga. Zaidi ya nusu ya mikono ikapanda. Na sisi walimu tulipandisha mikono yetu, maana tulikuwa huko pia. Kisha tukauliza: ni nani anayeweza kueleza kwa nini mahali panaponyesha mvua nyingi vile hakuna hata kijito kimoja? Hakuna aliyejibu. Walikaa pale miezi na miezi, walipanga foleni ya bidoni usiku wa manane, na hawakujua sababu. Wala si kosa lao, kwani mtu mwenye kiu haulizi jiografia.

Ndipo wanafunzi wakasema: likizo ya Pasaka inakuja, twende tukaone. Wakachagua komite yao, wakaandika barua kwa DG wa chuo, na DG akasema atakubali kama wazazi watakubali.

Kwa nini si mahali pengine

Wamama wengine walituuliza kama hakuna ziwa lingine. Yapo, na tuliyachungua moja moja.

Ya kwanza ni maziwa ya Mokoto, yaliyo humu humu kwetu katika teritware ya Masisi. Ni mazuri, na kando yake kuna monasteri ya Watrapisti iliyoanzishwa mwaka 1954. Lakini wazee wetu wanajua pia yaliyotokea pale mwezi wa tano 1996, na barabara ya upande ule inabadilika kila juma: leo inapitika, kesho haipitiki. Tulisema Mokoto ni deni letu, tutalilipa siku nyingine.

Ya pili ilikuwa kisiwa cha Idjwi, kwa mashua. Hiyo tuliikataa siku ile ile. Hatujasahau tarehe 3 mwezi wa kumi 2024, mashua iliyotoka Minova ilipozama mbele ya bandari ya Kituku, karibu kabisa kufika, watu wakiwa wamesimama pwani wanaiona. Watu wale walipanda mashua iliyojaa kupita kiasi kwa sababu vita vilikuwa vimefunga barabara. Hatutamweka mtoto wa mtu majini.

Kuhusu Turkana yenyewe, mwanafunzi mmoja alisema twende na huko. Tukamwambia aanze kwa kutafuta paspoti.

Ikabaki Lac Vert. Pana njia ya gari, ni karibu na Goma, na wanafunzi wana swali lao pale. Lakini tulijua kwamba jina lile ni zito mdomoni mwetu sote.

Neno la mama mmoja

Kwenye mkutano ule ule, baada ya vicheko kwisha, mama mwingine alizungumza akiwa amekaa, bila kuinua sauti. Binti yake ni mmoja wa wale 22. Alisema: "Mimi sitatoa franga ili mtoto wangu aende kupiga picha mahali nilipomzika mdogo wake."

Wengi wenu mlikuwapo. Mnajua kwamba mtoto wake wa kiume, wa miezi tisa, alikufa kwa kolera kule kambini. Tulimwomba msamaha mbele ya wote. Mkutano ulipokwisha, mama prezida wetu alitushika mkono, akasema: "Walimu, kabla ya kuwaambia wamama waamini, nendeni ninyi wenyewe kwanza. Mkaone kulivyo sasa, mrudi mtuambie ukweli." Ushauri huo tuliufuata. Tulikuwa watu wanne: walimu wawili na wamama wawili wa chama.

Kabla hatujaondoka tulipita kwa yule mama. Hatukujua la kumwambia. Yeye ndiye aliyeanza: "Kama mtafika pale, angalieni nyuma ya vyoo vya blok ya mwisho, upande wa mlima. Kuna jiwe kubwa, kama ng'ombe aliyelala. Ni pale."

Njia yenyewe

Tuliondoka Masisi-centre saa kumi na moja asubuhi, ukungu ukiwa bado umelala mabondeni. Mwenye kutoka Walikale atushangae, maana kwao macho yanazuiliwa na miti. Kwetu macho yanakwenda kilima baada ya kilima, majani ya ng'ombe, mashamba ya maharagi na viazi, vijumba vya kukaushia fromaji. Barabara ni tope. Mara mbili tulishuka, tukakunja vikwembe mpaka magotini, tukasukuma gari pamoja na wanaume. Matanda tulikunywa chai. Kwenye kila baryeri tulionyesha barua ya chuo, tukajibu maswali kwa adabu, tukapita.

Kutoka Mushaki barabara inateremka, na ghafula unaona Ziwa Kivu chini, kubwa, limetulia. Sisi wanne tulinyamaza. Mara ya mwisho kuteremka mlima ule ilikuwa mwezi wa pili 2024, godoro kichwani, watoto mkononi, risasi nyuma. Mama mmoja wa chama akasema polepole: "Siku ile sikuliona hili ziwa." Hata sisi hatukuliona. Tulikuwa tunaangalia migongo ya watu waliotutangulia.

Ukipita Sake, udongo wetu mweusi wa shamba unakwisha na mawe yanaanza. Hapo ndipo jangwa letu lilipo. Ni mawe meusi, yenye matundu, makali kama kioo kilichovunjika, kushoto na kulia mwa barabara. Mawe hayo yalitoka tumboni mwa milima miwili, Nyamulagira na Nyiragongo. Katika mlipuko wa Nyamulagira ulioanza mwaka 1938, moto wake ulitiririka mpaka ukaingia Ziwa Kivu upande huu wa Sake. Nyiragongo nao wote tunaujua: 1977, 2002, na tena tarehe 22 mwezi wa tano 2021.

Sasa jibu la swali la yule binti ni hili, na mnaweza kuwaeleza watoto nyumbani. Lava ikipoa inapasuka. Mvua ikinyesha juu yake, maji hayatiririki yakafanya mto. Yanapita katika nyufa, kama unavyomimina maji katika kitunga. Yanashuka chini sana, yanatembea gizani chini ya mawe, na yanatokea kando ya Ziwa Kivu. Kwa hiyo unaweza kulala pale ukilowa kwa mvua juu ya shitingi, na asubuhi ukaamka huna maji ya kupika. Sisi tulidhani mahali pale palilaaniwa. Kumbe ni jiwe tu lenye matundu.

Lac Vert kama ilivyo sasa

Kama saa tano na nusu tulifika. Wale ambao hamkufika kule mjue kwamba Lac Vert ni jina la ziwa na pia ni jina la mtaa, nao uko ndani ya mji wa Goma, upande wa magharibi. Ziwa lenyewe ni dogo. Ni shimo la volkano ya zamani, duara, na chini yake maji ya kijani yametulia bila wimbi. Liko karibu sana na Ziwa Kivu. Ukingo wa kreta tu ndio unaoyatenganisha. Ukisimama juu ya ukingo huo unaona maziwa mawili, moja la kijani na moja la samawi, kama sahani mbili za rangi tofauti kwenye meza moja.

Tulipokuwa pale tulikuwa tunachungulia kama kuna foleni fupi. Leo tulikaa juu ya jiwe, tukala viazi vyetu, tukaangalia tu. Jambo hilo lilitushangaza sisi wenyewe.

Kambi haipo tena. Mwezi wa pili 2025 watu waliambiwa waondoke, na hema zikabomolewa. Zimebaki alama: mistari ya mawe iliyozunguka kila hema, vipande vya shitingi vilivyoshikwa na miiba, kiatu cha mtoto. Mahali pengine wenyeji wamepanda maharagi kati ya mawe, na yanaota. Tulipita pia karibu na mahali mabomu yalipoanguka tarehe 3 mwezi wa tano 2024, yakaua wamama na watoto waliokuwa wamekimbilia pale kutafuta usalama. Tulisimama, tukasali, tukaendelea.

Mama mmoja mwenyeji alikuwa anapanda kutoka ziwani, bidoni mgongoni, kamba kwenye paji la uso. Alisimama akatuangalia.

"Ninyi ni watu wa ONG?"

"Hapana, mama. Sisi ni walimu wa Masisi. Tulikuwa tumehamia hapa."

"Blok gani?"

Tukamtajia. Akatua bidoni yake, akatusalimu upya, mmoja mmoja, kwa mikono miwili. Alisema kwamba watu walipokuwa wengi alikasirika, maana maji na kuni vilikuwa haba. Lakini walipoondoka kwa siku chache, kukawa kimya mpaka akaogopa. "Nilikuwa nimezoea sauti za watoto wenu," alisema.

Ni yeye aliyetuonyesha mahali pa mazuku. Wamama, hili msikilize vizuri, maana lilikuwa swali la wengi. Mazuku ni hewa nzito inayotoka ardhini katika nchi hii ya volkano. Wataalamu wanaiita dioksidi ya kaboni. Haionekani, na kwa kuwa ni nzito kuliko hewa ya kawaida inakaa mabondeni na mashimoni kama maji. Upepo ukiwa umetulia, usiku na alfajiri, inajaa. Jua na upepo vikija inapungua. Mbuzi akiingia anakufa, na mtoto mfupi anakufa kabla ya mtu mzima aliye karibu naye kusikia kitu. Mama yule alituonyesha bonde dogo lenye majani makavu: "Pale hatupiti asubuhi. Watoto wetu wanajua. Wa kwenu walikuwa hawajui." Tulimwomba awe pamoja nasi siku ya wanafunzi, atembee mbele yao. Alikubali.

Jiwe

Kisha tukaenda kutafuta jiwe.

Blok ya mwisho tuliipata, na mahali pa vyoo tulipatambua kwa mashimo yaliyofunikwa. Tulitazama upande wa mlima. Wamama, kuna mawe mengi pale yanayofanana na ng'ombe aliyelala. Tulihesabu saba. Chini ya mengine kulikuwa na mawe madogo yaliyopangwa kwa mikono, na majani yalikuwa yameota juu yake. Tulitembea saa nzima. Hatukuweza kusema, ni hili. Mama mmoja wa chama alitaka tuchague moja tupige picha, tumpelekee, moyo wake utulie. Wengine tukasema hapana. Kwa jambo kama hili hatuwezi kumdanganya.

Tulilala Goma kwa jamaa, na kesho yake tukarudi. Siku hiyo hiyo jioni tulikwenda kwake, tukamweleza kama tulivyoona: mawe saba, majani, na sisi hatukujua. Alinyamaza muda mrefu akichambua maharagi yake. Tukafikiri tumemwumiza mara ya pili. Kisha akasema: "Mimi nikifika nitalijua. Kwa upande wa kichwa niliweka kifuniko cha bidoni, chekundu, nikakibana kati ya mawe. Mwenye kukaa pale usiku mmoja analijua." Baadaye akauliza: "Hiyo gari yenu ina nafasi ngapi?"

Tunachoomba na tunachoahidi

Haya ndiyo tuliyopanga na komite ya wanafunzi na mama prezida. Kama kuna jambo baya ndani yake, mlisahihishe.

Safari ni siku tatu katika juma la pili la likizo ya Pasaka. Siku ya kwanza kuteremka. Ya pili kutembelea Lac Vert. Ya tatu kurudi. Usiku tutalala katika madarasa ya shule moja ya Goma ambayo imetukubalia: mabinti upande wao, vijana upande wao, na wamama wawili watalala katika chumba cha mabinti.

Gari ni Fuso moja, nayo itabeba watu tu. Shofere hatapakia magunia wala watu wa njiani, na hatutembei usiku. Tumekubaliana naye mbele ya mashahidi.

Kila mwanafunzi anatoa dola 12. Asiyekuwa nazo aje kwetu faraghani, asibaki nyumbani kwa sababu hiyo. Chama kimesema kitauza magunia mawili ya maharagi ya shamba letu la pamoja ili kusaidia. Wamama wa Walikale wameahidi mawese, na wa Masisi fromaji na viazi. Kila nyumba ilete kinachowezekana, hata kama ni chumvi.

Lac Vert tutafika saa tatu, jua likiwa limepanda, na tutaondoka saa tisa. Hakuna anayeshuka bondeni bila mama mwenyeji kutangulia. Hakuna anayeoga ziwani, hata mwenye kujua kuogelea. Ziwa la ndani ya kreta halina ufuko. Ukitia mguu, chini hakuna.

Kila binti abebe kikwembe cha akiba na vitambaa vyake, kama siku zake za mwezi zitamkuta njiani. Hilo si jambo la aibu, na wamama wawili watakuwa na vya ziada. Kila mmoja avae viatu vilivyofungwa. Sandali haziwezi mawe yale.

Maji ya kunywa tutabeba kutoka Goma, yaliyochemshwa. Ya ziwani hayanywewi.

Na la mwisho: kama barabara itaharibika, au kama siku tatu kabla ya safari kutakuwa na habari yoyote ya risasi njiani, hatuendi. Feza zitarudi kwa kila mmoja, na maharagi tutakula pamoja hapa. Mtu asije akasema walimu waliona haya kuvunja safari. Kuvunja safari tutaona ni rahisi kuliko kuleta msiba.

Kwa nini bado tunaomba

Wengine watasema: pamoja na hatari zote hizo, si mbaki tu? Tumeliwaza neno hilo.

Watoto hawa wanajua nchi yao. Wanaijua kuliko watoto wengi wa dunia wanavyojua ya kwao, kwa sababu wameitembea kwa miguu, Masisi mpaka Sake, Sake mpaka Goma, na tena kurudi. Lakini wameijua wakikimbia, na mtu anayekimbia anaona mgongo wa mtu wa mbele tu. Mwaka kesho watasimama mbele ya watoto wa darasa la tatu na la nne huko Nyabiondo, Kibua, Walikale. Watasema nini juu ya nchi hii? Kama hawajui kingine isipokuwa mahali pa kukimbilia na mahali pa kujificha, ni hicho watakachofundisha. Tunataka wasimame juu ya ule ukingo, waangalie maziwa mawili, waulize kwa nini, wapate jibu, waliandike katika daftari. Kisha warudi nyumbani kwa siku waliyoipanga wenyewe.

Kuna jambo lingine tulilowafundisha darasani. Wataalamu wanasema zamani sana maji ya bonde la Kivu yalikuwa yakielekea kaskazini, upande wa Ziwa Edward na mto Nile. Milima ya Virunga ilipoinuka iliziba njia ile. Maji yakajaa, yakapanda, mpaka yakapata njia nyingine upande wa kusini, kwa mto Ruzizi, na leo yanaingia Tanganyika. Binti wa Walikale alisikiliza habari hiyo, akasema: "Basi la Turkana lilikosa njia, na la kwetu lilipata." Tukamwambia aandike hivyo hivyo katika ripoti yake.

Mkutano wa kuamua ni siku ya posho, saa nane, baada ya soko, mahali petu pa kawaida. Waje baba pia, wale wanaopenda. Orodha ya majina iko kwa mama prezida. Mzazi mwenyewe ndiye anayeandika au anayetia kidole, si mwanafunzi.

Fuso ina nafasi ya watu 36 wakiwa wamekaa. Tulikuwa tumepanga wanafunzi 31, walimu wawili na wamama wawili wa kusindikiza. Nafasi moja iliyobaki tumeiandikia jina tayari. Yule mama alituambia atakuja na jembe dogo na mbegu za maua, na kwamba hatatoa franga kwa ajili ya picha, lakini za gari atatoa. Tulimjibu kwamba zake hatuzipokei. Akasema ataziacha mezani.

Tuonane siku ya posho.